Shajara ya mradi: kulinda mita 112 za umeme wa maji kijijini kwetu

Naandika hii kwa ajili ya mafundi na kamati za vijiji vyenye mtambo mdogo kama wetu, mkitaka kunakili mnakili, ila msome na tulikokosea maana huko ndiko hela zilikoenda. Sisi tuko milimani Njombe, mtambo wa maji wa kilowati 45, laini tatu (Madukani, Bondeni na Shuleni), wateja 112. Wote isipokuwa mmoja wana mita za tokeni, mfumo uleule wa LUKU, lipa umeme kadri unavyotumia. Uniti moja tunauza shilingi 300. Bei zote humu ni tulizolipa sisi, na kila hatua ikiisha naongeza chini.

14 Januari 2024: tumeanza kwa kupima pasipofaa

Mwaka mzima makusanyo hayafikii hata hela ya beringi za tabaini, na jioni taa zinafifia mpaka watoto wanaosoma wanasogea chini ya glopu. Kamati ikasema kuna watu wanachakachua mita. Nikakubali fasta.

Tukachukua namba ya mita iliyopo pale kwenye jenereta, tukatoa uniti zilizouzwa, ikatoka upotevu zaidi ya asilimia 80. Kikao kikawaka moto, mzee mmoja akataka tuanze kukata umeme nyumba kwa nyumba usiku uleule. Kumbe mita ile imefungwa kabla ya kontrola ya mzigo. Kwa wasiojua: mtambo wa maji kama wetu unazalisha muda wote, kama watu hawatumii basi kontrola inapeleka ule wa ziada kwenye balasti, yaani hita zilizozama kwenye tenki la maji pale nyumba ya mtambo, ili spidi ya jenereta isipande. Kwa hiyo mita yetu ilikuwa inahesabu na umeme tunaochemshia maji bure. Ile asilimia 80 haikuwa na maana yoyote na wiki mbili zikapotea.

Tumehamisha mita, sasa inakaa baada ya balasti, pale laini inapotoka kwenda kijijini. Kama una mtambo wa maji, kabla ya kumwita mtu yeyote mwizi nenda kaangalie hicho kitu kwanza.

17 Februari: namba ya kweli

Siku 30 zimeisha, nimesoma mita saa moja ile ile asubuhi ya kwanza na ya mwisho. Zimetoka kwenda kijijini uniti 6,240. Zilizouzwa ni 3,990. Zimepotea 2,250, sawa na asilimia 36.

Ni nyingi ila haikunikatisha tamaa. Uganda wakati kampuni ya Umeme inachukua usambazaji mwaka 2005 upotevu ulikuwa karibu asilimia 38, na miaka ya baadaye wakaushusha chini ya 20 kwa kubadilisha waya, kuweka mita za kulipia kabla wanazoziita Yaka na kufuatilia laini moja moja. Wao walikuwa na karibu nchi nzima, sisi tuna kijiji kimoja ninachoweza kukizunguka kwa miguu asubuhi hadi mchana. Nikajiwekea lengo la asilimia 10.

2 Machi: tumemkosea bibi

Hii naiandika kwa urefu kwa sababu inaniuma mpaka leo.

Njia tuliyotumia kutafuta wezi ilikuwa rahisi sana, tukapanga wateja kwa uniti walizonunua, waliokuwa chini kabisa tukawaita washukiwa. Wa mwisho kwenye orodha alikuwa bibi mmoja wa Bondeni, anaishi na mjukuu wake, ananunua uniti 2 kwa mwezi. Uniti 2! Tukasema haiwezekani, taa zake tunaziona kila jioni zinawaka. Tukaenda watu watatu, tukakata.

Mjukuu ndiye aliyenifuata kesho yake, ana miaka kama kumi na moja hivi, akaniambia shikamoo fundi, bibi anauliza tumekosa nini maana tokeni ya mwezi huu tumenunua. Nikarudi peke yangu. Nikakuta glopu mbili za LED za wati 5, na redio ndogo inayochajiwa. Nikapiga hesabu palepale ukutani kwa penseli: wati 10 mara saa 4, nikizidisha makusudi, ni 40, mara siku 30 ni 1,200, yaani uniti 1.2, weka na redio na kuchaji simu ya jirani, 2 inafika na inabaki. Bibi alikuwa analala saa mbili usiku, ndio siri yote. Nikarudisha umeme, na siku ya mkutano wa kijiji mimi na mwenyekiti wa kamati tukasimama tukamwomba radhi mbele ya watu wote, kwa sababu tulimkatia mbele ya watu wote.

Tangu siku hiyo tukaandika kwenye daftari la kamati: hakuna kukata umeme wa mtu kwa sababu ya matumizi madogo. Lazima kuwe na kipimo kinachoonyesha umeme unaingia kwake na mita haiuhesabu.

16 Machi: pasi, na mashine ya kusaga

Tukaamua kupima mita zenyewe. Mita zetu zimeandikwa 1600 imp/kWh, maana yake kataa kekundu kanapepesa mara 1,600 kwa kila uniti moja. Ukiwasha pasi ya wati 1000 na kuzima vingine vyote, kanatakiwa kupepesa kama mara 27 kwa dakika. Mwenzangu anashika saa ya simu, mimi nahesabu.

Nyumba mbili za kwanza tukapata 23. Tukasema mita zinapunja kampuni yetu, tukazing'oa tukaweka mpya. Ya tatu 23. Ya nne 23. Hapo ndio nikashtuka, haiwezekani zote ziumwe ugonjwa mmoja. Nikapima volti, 215. Pasi iliyotengenezwa kwa volti 230 ukiipa 215 haili wati 1000, inakula kama 870, na 870 inakupa mapepeso 23. Mita zilikuwa sahihi kabisa, kipimo chetu ndicho kilikuwa kibovu. Sasa hivi hatutumii namba ya kwenye pasi, tunapima ampia kwa klampu (kipimo kinachobana waya kwa nje) na volti kwa mita, tunazidisha, ndio tunahesabu mapepeso. Katika nyumba 30 za kwanza tulizopima hivyo, 28 ziko sawa.

Alafu tukaenda kwenye mashine ya kusaga. Huyu ndiye mteja mmoja asiye na tokeni, mita yake ni ya fezi tatu inayotumia CT (koili zinazozunguka waya wa kila fezi na kuipa mita kipimo cha ampia), tuliipata ikiwa imeshatumika kwingine, analipa mwisho wa mwezi. Kijijini kila mtu alikuwa anasema huyu lazima anaiba, mashine inanguruma kutwa na bili yake haifiki uniti 350. Mwenye mashine mwenyewe akafungua kibanda, akasema karibuni mpime mnavyotaka.

Mashine ikiwa na mahindi, klampu ikasoma ampia 18 kila fezi. Hiyo ni kama kilowati 10. Mita ikasoma 3.3. Theluthi moja kamili. Nikafungua kifuniko cha terminali, na kule ndani nikaona CT ya fezi ya pili imefungwa kinyume, mshale unaangalia nyuma. Fezi mbili zinajumlisha, hiyo ya pili inatoa, inabaki moja. Na aliyeifunga sio kishoka (fundi wa mtaani anayeunga umeme kinyemela) wala mwenye mashine, ni sisi mafundi wa mradi siku ya kwanza tunawasha. Kugeuza waya mbili imechukua dakika kumi na tano na haikugharimu kitu. Uniti kama 690 kwa mwezi zilikuwa zinapita hapo.

Kamati ilijadili sana kama tumdai ya nyuma. Mimi nilisema hapana, hakuchakachua, alilipa kila bili tuliyompa. Ikakubalika hivyo, ila bei ya kusaga debe imepanda kidogo tangu hapo na watu wamelalamika, lawama hiyo tunaibeba sisi.

Kwa hiyo kabla hatujanunua hata kufuli moja tumeshashuka kutoka 36 mpaka 25.

20 Aprili: mita ya kila laini

Hii ndio hela bora kuliko zote tulizotumia. Mita mbili za fezi tatu kwa laini za Madukani na Shuleni, 280,000 kila moja, na moja ya fezi moja kwa Bondeni, 90,000. Jumla 650,000. Zimefungwa juu ya nguzo ya kwanza ya kila laini, kazi yake ni kuhesabu tu, hazikati mtu.

Baada ya mwezi, uniti 1,560 zilizokuwa zinapotea zikagawanyika hivi: Madukani 780, Bondeni 410, Shuleni 230, na 140 kwenye laini kuu kutoka mtamboni. Ghafla tatizo limepungua ukubwa, maana nusu liko Madukani kwenye nyumba 37 tu.

Bondeni nilikuwa naamini ni waya unaokula. Ni ABC (waya za ganda zilizosokotwa pamoja) ya milimita 16 ya aluminiamu, urefu mita 700, na waya huo una ukinzani wa omu 1.91 kwa kilomita. Kwenda na kurudi ni omu 2.67. Jioni zinapita ampia 16, ukipiga hesabu unapoteza volti 43 mpaka mwisho wa laini na karibu wati 680 zinageuka joto. Ndio maana taa zao hafifu. Lakini kwa saa nne za jioni, mwezi mzima hiyo ni uniti 80 tu kati ya 410. Zilizobaki zina miguu.

18 Mei: maboksi ya chuma, kosa kubwa

Kamati ilitaka kitu kinachoonekana. Fundi wa kuchomelea akatutengenezea maboksi 20 ya chuma yenye kufuli, 45,000 kila moja, jumla 900,000, tukayafunga kwenye kuta za nyumba za Madukani kufunika mita.

Huku kwetu kuna ukungu. Asubuhi chuma kinatoa jasho kama chungu cha ugali, maji yanatiririka ndani, na tulikuwa hatujatoboa tundu la kutolea maji chini. Mita mbili zikafa kwa unyevu ndani ya wiki tatu. Nyigu wakajenga kwenye mengine manne. Wateja wakawa hawaoni namba za mita mpaka mwenye ufunguo aje, kwa hiyo mtu anaishiwa umeme bila kujua.

Alafu likatokea ambalo lingeweza kuua. Boksi moja tulipitisha waya kwenye tundu lisilo na raba, ukingo wa chuma ukakata ganda la waya wa fezi kidogo kidogo kila upepo ukivuma. Boksi halikuwa na ethi, yaani waya wa kwenda ardhini. Mzee mwenye nyumba akaegemea pale akivua buti za shambani, akapigwa shoti akaanguka. Mungu alimsaidia, udongo ulikuwa mkavu na alivaa buti moja. Tulimpeleka zahanati, akalala pale siku moja, kamati ikalipa. Tukayang'oa yote 20 wiki hiyo hiyo.

Ndugu zangu mafundi, ukiweka chuma kwenye mita ya mtu umeweka kitu ambacho mtoto atakishika kila siku. Ethi, raba au glandi kwenye kila tundu, na tundu la maji chini. Kama huwezi vyote hivyo, usiweke. Sisi tumeamua hakuna chuma tena, ni plastiki ngumu tu.

15 Juni: lakiri

Pamoja na maboksi tulinunua lakiri za plastiki 500, yaani sili za kufungia mita, shilingi 300 moja, 150,000, zisizo na namba. Ndani ya mwezi nikakuta mita imefunguliwa na kufungwa tena kwa lakiri iliyo sawasawa na yetu, rangi ile ile. Zinauzwa duka lile lile tulilonunua sisi. Kishoka naye ana hela ya kununua.

Sasa tumeagiza za namba, 900 kila moja, 500 tena, 450,000. Utaratibu: wanakwenda watu wawili, mmoja fundi mmoja wa kamati, namba inaandikwa kwenye daftari na mwenye nyumba anasaini. Tukadhani imetosha, kumbe bado. Mwalimu mmoja tulimkuta na lakiri 0417 na daftari linasema 0471, nusura apigwe faini. Alikuwa mkali na alikuwa na haki, tukakagua tukakuta mwandishi wetu aligeuza tarakimu. Tangu hapo ni picha ya simu, lakiri na uso wa mita kwenye picha moja, daftari ni la pili. Na lakiri haizuii kitu chochote, inakwambia tu kwamba mtu alipita, kwa hiyo kama hamna ratiba ya kuzikagua usinunue. Sisi tunakagua 28 kila wiki, mwezi mmoja kijiji kizima kimeisha.

27 Julai: mita zimepanda nguzo

Uamuzi mkubwa. Mita 40 mpya za vipande viwili, yaani mita yenyewe inakaa juu ya nguzo, na mteja anabaki na kidude cha kuingizia tokeni ndani ya nyumba, watu wanakiita rimoti. 95,000 kila moja, 3,800,000. Maboksi 10 ya plastiki ngumu, kila moja linabeba mita nne, 85,000 moja, jumla 850,000. Madukani yote 37, tatu akiba.

Kutoka nguzo mpaka nyumba tumeondoa waya bapa wa zamani tukaweka kebo ya konsentriki, mita 1,200, shilingi 2,200 kwa mita, 2,640,000. Kebo hii fezi iko katikati na nyutro imezungushwa nje yake kama nyuzi za kikapu, kwa hiyo anayejaribu kuitoboa anagusa nyutro kwanza na akifika kwenye fezi vinagusana, breka ya nguzoni inaanguka na laini ya nyumba ile inazima. Na maadam mita iko upande wa nguzo, hata akiunga katikati ya njia uniti ni zake. Hapo ndipo wizi mwingi tuliougundua ulikuwa, kati ya nguzo na mita, waya umepitishwa darini, unaungwa juu ya singibodi ambako hakuna anayepanda. Wakati wa kutoa waya za zamani tumekuta viungo vya namna hiyo nyumba 6, kimoja kimefungwa kwa mfuko wa rambo badala ya tepu, na mbao pembeni yake imeshaungua nyeusi upana wa kiganja. Nilikaa pale darini nikaiangalia ile mbao muda mrefu, chini yake ndio chumba cha watoto.

Kilichogoma: rimoti. Zinaongea na mita kwa kupitia waya huo huo wa umeme, na nyumba 9 za jirani na fundi wa kuchomelea zikawa haziongei kabisa mchana. Mteja anabonyeza tarakimu 20 za tokeni anapata neno la kosa, anapanda hasira, na ana haki. Tumejaribu kubadilisha betri, hapana. Tumejaribu rimoti za akiba, hapana. Mwisho nikagundua mambo mawili, kwanza kiungo cha nyutro kwenye nguzo ile kimelegea, nilipokikaza nyumba 5 zikapona. Nne zilizobaki tumewavutia waya mwembamba wa mawasiliano kutoka kwenye mita, mita hizi zina tundu lake. Angalia hilo kabla ya kununua, kuna aina ambazo hazina.

31 Agosti: mita mpya zinawaita watu wasio na kosa wezi

Wiki ya pili mita 7 zikawasha alama ya kuchezewa na kukata umeme. Mita hizi zinapima fezi na nyutro zote mbili, zikiona zinatofautiana zinajua kuna umeme unarudi kwa njia nyingine, na zinahesabu kwa ile kubwa. Ni kinga nzuri sana. Mwanakamati mmoja akaanza kuandika majina.

Nikamwomba asubiri. Nyumba zote saba ni za vyumba pacha, wapangaji wawili ukuta mmoja, na fundi aliyefanya wayaringi zamani aliunganisha nyutro za pande zote mbili kwenye boksi moja ili aokoe waya. Fezi ya huyu inarudi kwa nyutro ya yule. Hakuna mwizi hapo. Kutenganisha nyutro kumetuchukua siku nne, tumenunua waya na konekta za kama 85,000, na tumewarudishia uniti walizokatwa kimakosa. Ukipanga kuweka mita za aina hii, pita nyumba kwa nyumba kwanza ukatenganishe nyutro, utaokoa ugomvi mwingi.

5 Oktoba: siku 14 za kujisalimisha

Madukani imetulia. Bondeni na Shuleni hatuna hela ya mita mpya. Nikapendekeza msamaha: siku 14, anayekuja mwenyewe analipa 20,000 ya kazi ya kurekebisha, jina lake halitajwi popote, hadaiwi ya nyuma. Baada ya hapo ni kwa mtendaji wa kijiji na polisi.

Wamekuja 11. Wa kwanza alikuja usiku saa nne akiwa na 8,000 mkononi, akaomba alipe kwa mafungu. Wengi walisema kitu kimoja, kwamba aliyewafanyia aliwaambia ni mafundi wa mradi ndio wamemtuma. Shilingi 15,000 kwa nyumba.

Kishoka tunamjua sasa, ni kijana aliyebeba nguzo na kuvuta waya nasi tulipojenga laini, mikono yake ni mizuri kuliko ya wengi wetu. Alipoitwa kwa mtendaji alikubali. Akasema pia kwamba anadai mradi hela ya miezi mitatu ya ujenzi. Nikaangalia kwenye vitabu vya zamani, ni kweli haikulipwa. Haifuti alichofanya, zile mbao zilizoungua darini ni kazi yake. Lakini deni limelipwa, na yeye ametupitisha nyumba zote alizogusa, na kulikuwa na 4 ambazo tusingezipata kamwe.

15 Desemba: kuboresha mita kabla ya 24 Novemba

Kila aliye na mita ya tokeni anakumbuka hii. Mfumo wa tokeni unahesabu dakika tangu mwaka 1993, na hesabu ilijaa tarehe 24 Novemba 2024, mita ambazo hazikuboreshwa zinakataa tokeni mpya. Mteja anapewa makundi matatu ya namba 20, mawili ya kuboresha na moja la umeme wake, anaingiza kwa kufuatana. Tumeanza Septemba. Wazee wengi tumewaingizia wenyewe, mmoja aliniambia fundi hizo namba ni ndefu kuliko rozari.

Ikatupa na kipimo ambacho hatukukitegemea. Mpaka tarehe 10 Desemba nyumba 5 zilikuwa hazijaboresha na taa zinawaka. Kwa akili yangu ya Februari ningezikata zote. Tukaenda na klampu. Mbili zilikuwa zinaruka mita kweli. Moja ni mama muuza duka aliyenunua uniti nyingi Oktoba baada ya kuuza viazi, alikuwa na 61 zimebaki kwenye skrini. Moja inatumia sola yake. Na moja mita imekufa kwenye hali ya kuwasha, relei imeganda, mwenye nyumba alikuwa anaogopa kusema asije akaitwa mwizi kama bibi wa Bondeni.

8 Machi 2025: hesabu

Mwezi uliopita zimetoka uniti 5,700, zimeuzwa 5,160, zimepotea 540, asilimia 9.5. Umeme unaotoka mtamboni umepungua wenyewe, mtu akilipia hita anaizima. Mwisho wa Bondeni sasa jioni napata volti 204, zamani ilikuwa 187.

Gharama: mita za laini 650,000, maboksi ya chuma 900,000, lakiri za kwanza 150,000 na za pili 450,000, mita za nguzoni 3,800,000, maboksi ya plastiki 850,000, kebo 2,640,000, usafiri, vibarua, zahanati na vidogo vidogo 1,000,000. Jumla 10,440,000. Tunauza uniti 1,170 zaidi kwa mwezi, ni shilingi 351,000, kwa hiyo hela inarudi kwa miezi 30 hivi, na mitatu kati ya hiyo ni ya kulipia maboksi ya chuma na lakiri zisizo na namba.

Kama ningeanza upya na shilingi 700,000 tu mfukoni, ningenunua mita za laini na klampu nzuri, basi. CT, pasi na daftari havikuhitaji zaidi ya hapo, na ndivyo vilivyoleta uniti 690 za kwanza.

Kinachofuata ni waya wa Bondeni, tunataka kuweka milimita 35 ambayo ukinzani wake ni omu 0.868 kwa kilomita, chini ya nusu ya ule wa sasa. Nguzo mbili zimeoza, nimeshaziwekea alama ya rangi. Maboksi 20 ya chuma yako stoo ya shule, mwalimu mkuu ameyaomba ya kuhifadhia chaki na mpira, tumempa.

Yule mjukuu wa bibi anakuja Jumamosi kusoma nasi mita ya laini, anaandika namba yeye, mimi napiga picha.